Unataka kumleta shangazi Canada? Kwanza jua karatasi zinamwita nani

Wengi wetu huku Canada tukishapata PR (ukaazi wa kudumu) au uraia tu, wa kwanza kuja kichwani ni yule mzee aliyetulea, na mara nyingi sio baba wala mama aliyekuzaa, ni shangazi, mama mkubwa, mjomba, au yule bibi ambaye kumbe ni mdogo wake bibi. Mimi wangu ni shangazi, wa Korogwe, Tanzania, ana miaka 71, ndo alinipeleka darasa la kwanza na ndo alilipa ada mpaka nikamaliza. Namwita mama. Ila kwenye sheria ya uhamiaji ya hapa yeye ni dada yake marehemu baba, basi, na hilo jina moja ndo linaamua njia gani iko wazi na ipi imefungwa. Nilihangaika miaka miwili kwa kutojua hilo kwa hiyo naandika ili wewe usihangaike.

Kaa chini uandike huyo mzee ni nani wako kwa damu, sio kwa heshima. Mama mdogo aandikwe mdogo wake mama. Baba mkubwa ni kaka yake baba. Bibi aliyekulea, hakikisha ndo aliyemzaa baba au mama yako, manake kwetu ndugu zake wote tunawaita bibi. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu alijiita ajenti akaniambia "we andika mama tu, nani atajua", nikakataa, na namshukuru Mungu nilikataa, kwa sababu ukigundulika umedanganya kwenye maombi ya viza, mzee anafungiwa miaka 5 asiombe chochote, na kwa mtu wa miaka 71 hiyo miaka mitano ni mingi mno. Kama alikuasili mahakamani ukiwa mtoto hiyo ni habari nyingine, hapo ni mzazi na hati ya mahakama unayo. Ila kulelewa tu, hata miaka kumi na tano, hakumgeuzi shangazi kuwa mama mbele ya ofisa.

Ukishajua hilo, swali la pili ndo lililoniokoa mimi na sikulifikiria kabisa: je, kuna mtu yeyote hapa Canada ambaye kwake huyu mzee ni mama, baba, bibi au babu wa kuzaa? Shangazi yako wewe ni mama wa mtu. Binti yake shangazi yuko Calgary, tunaongea kila wiki, na mimi niko Edmonton nahangaika kuomba viza peke yangu kwa sababu nilijiona mimi ndo nina deni la kulelewa. Mara ya kwanza viza ya matembezi ikakataliwa, hawakuridhika kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Kumbe binti yake alikuwa na haki ya kumwita kwa Super Visa muda wote ule.

Super Visa ni ya wazazi na mababu na mabibi tu, wa raia au wa mwenye PR. Uzuri wake, tangu Julai 2022 mzee akiingia anaweza kukaa mpaka miaka 5 kwa mkupuo mmoja, na viza yenyewe inaweza kuwa ya kuingia na kutoka mpaka miaka 10. Anaomba akiwa nje ya Canada, anapimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na uhamiaji, na yule mtoto au mjukuu anaandika barua ya mwaliko, anaahidi kumtunza na anaonyesha kipato kinachotosha kwa idadi ya watu wa nyumba yake ukimhesabu na mzee. Mume au mke wa anayeita anaweza kuongeza kipato chake kwenye hesabu, ila binamu hawezi, kwa hiyo mimi mchango wangu ulikuwa nje ya karatasi: nauli na bima.

Na bima ndo pagumu, isome vizuri. Lazima iwe ya mwaka mmoja angalau, yenye kulipia matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani, kiwango kisipungue dola 100,000 za Canada, na iwe imelipwa, ama yote ama kwa awamu na malipo ya kwanza yametoka. Karatasi ya makadirio ya bei haikubaliwi. Zamani ilibidi iwe kampuni ya Canada, tangu Januari 2025 wanakubali na kampuni za nje zilizoidhinishwa na msimamizi wa mabenki na bima wa serikali ya Canada. Sasa wazee wetu wengi wana presha au sukari, na bima nyingi za bei rahisi hazilipii ugonjwa ambao mtu alikuja nao, au zinalipia tu kama hali imetulia kwa miezi kadhaa bila kubadilishiwa dawa. Muulize wakala wa bima hilo swali wazi wazi kabla hujatoa hela. Na usimfiche ugonjwa wa mzee, siku akilazwa ndo watafukua historia yote wakatae kulipa, na bili ya hospitali huku kwa asiye na kadi ya afya ya mkoa itakufilisi.

Kuna pia ile programu ya kuwapa wazazi na mababu PR kabisa. Watu wanaisikia wanachangamka, ila mpaka mwaka 2025 walioalikwa walikuwa wanatolewa kwenye orodha ya waliojaza fomu ya kuonyesha nia mwaka 2020, na mwaliko unakwenda kwa bahati. Anayesponsa, yaani anayemdhamini mzee, anaonyesha kodi za miaka mitatu na anasaini kumtunza mzee miaka 20, Quebec 10. Kama hukujaza 2020 usiuze kiwanja kwa ajili yake.

Sasa tuseme hakuna mtoto wala mjukuu wake hapa, ni wewe tu. Kuna mlango mmoja mwembamba sana ambao wengi hawaujui, wa kumsponsa ndugu yeyote wa damu, wa umri wowote, shangazi akiwemo. Masharti yake ni kama unaulizwa kama uko peke yako duniani. Usiwe na mume wala mke wala mpenzi mnayeishi naye, usiwe na mtoto, baba na mama na mababu na mabibi wawe wametangulia, na usiwe na kaka, dada, mjomba, shangazi, mama mdogo, mpwa, yeyote ambaye tayari ni raia au ana PR ya Canada. Mama yako akiwa hai Tanzania mlango umefungwa, hata kama mama mwenyewe hataki kuja, kwa sababu sheria inamhesabu kuwa ni mtu ambaye ungeweza kumsponsa. Ila kaka zako watu wazima walioko Dar hawakuzuii, kwa kuwa hao huwezi kuwasponsa kwa njia ya kawaida. Watu wanachanganya hapa, wanadhani ndugu yeyote aliye hai anaharibu. Hapana. Yatima asiye na mwenzi wala mtoto, mwenye kaka watatu watu wazima Mwanza, anaweza kumleta shangazi yake.

Kama hiyo ndo hali yako basi kazi kubwa ni makaratasi. Unathibitisha undugu: cheti chako cha kuzaliwa, cha marehemu baba na cha shangazi, majina ya babu na bibi yafanane kwenye cha baba na cha shangazi. Wazee waliozaliwa miaka ya hamsini wengi hawana cheti, kwa hiyo Tanzania bara anza na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema uombe usajili wa waliochelewa, Kenya ni ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Halafu vyeti vya vifo vya wazazi na mababu, na hapa watu wengi wanakwama manake babu alizikwa kijijini na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Jina likitofautiana, kwenye kitambulisho Mwanaidi kwenye cheti Mwanahidi, fanya kiapo kwa wakili ueleze ni mtu mmoja, usiache ofisa akisie. Kipato chako kinaangaliwa, na unasaini kumtunza miaka 10 nje ya Quebec, na hiyo saini haifutiki ukipoteza kazi. Halafu afya: shangazi anaweza kukataliwa kama matibabu yake yataigharimu serikali kupita kiwango fulani. Kiwango hicho mwaka 2018 walikipandisha kikawa mara tatu ya kile cha zamani kwa hiyo presha ya kawaida haitishi, ila mzee anayesafishwa figo kila wiki mwambieni ukweli wakili kabla ya kulipa ada yoyote.

Ukiwa na familia kama mimi, na mzee hana mtoto hapa, inabaki viza ya matembezi. Dola 100 za viza na 85 za alama za vidole, na mzee wa miaka 80 kwenda juu hachukuliwi alama kabisa, kwa hiyo usimpandishe basi bure kwenda Dar. Kwa kawaida anakaa miezi 6 na anaweza kuomba kuongezewa kabla muda haujaisha. Onyesha mizizi yake: nyumba, shamba, wajukuu anaokaa nao, pensheni kama anayo, na sema wazi anakuja kufanya nini na anarudi lini. Sisi tulivyokataliwa barua yetu ilisema tu "anakuja kutembea", hatukuweka hata picha ya hati ya nyumba.

Ombi la huruma lipo, la kumuelezea ofisa kwamba huyu mzee ni kama mzazi na hana mwingine wa kumtegemea. Lina nafasi pale utegemezi ni wa kweli na una ushahidi wa miaka, risiti za hela ulizotuma, barua za daktari, picha. Usimlete mzee ukitegemea hilo kama mpango wa kwanza, na hapa ndo mahali pa kulipia wakili, au konsaltanti aliyesajiliwa, na jina lake unaliangalia mwenyewe kwenye rejista ya mtandaoni ya chombo kinachowasimamia kabla ya kutuma senti.

Shangazi aliingia mwezi wa tano kwa mwaliko wa binti yake. Dawa zake tulimwambia azifunge kwenye begi la mkononi, za miezi mitatu, kwenye pakiti zake zenye jina lake, na barua ya daktari kwa Kiingereza, manake mpaka upate daktari huku wiki kadhaa zinapita.