Anza na petikoti, sari itafuata

Wateja wengi wanaoniletea sari hapa Mombasa huwa pesa zote zimeishia kwenye kitambaa. Blauzi hawajaifikiria, petikoti ni ya kuazima, na harusi ni Jumamosi. Mimi anayeniuliza namna ya kujaza kabati nguo za Kihindi humwambia aende kinyume: vinavyofichwa kwanza, halafu vya kila siku, na hariri ya harusi ije mwisho. Ndivyo nilivyofunzwa Pune, jimbo la Maharashtra huko India, nilikojifunzia kushona blauzi.

Petikoti ndiyo inayobeba kila kitu. Sari ina urefu wa mita tano na nusu hivi, na uzito wake wote unaning'inia kwenye ile kamba ya kiunoni. Chukua ya pamba. Satini inateleza, marinda yatakuwa sakafuni kabla biriani haijapakuliwa. Iwe ya vipande vilivyopanuka chini, uweze kupanda ngazi. Rangi nne zinatosha kuanzia: nyeusi, maruni, krimu na kijani, maana si lazima ifanane kabisa na sari ila kitambaa kikiwa chepesi cha kuonyesha ndani. Pune nilizinunua soko la Tulshibaug, lakini miji mingi ya India ina maduka yanayoitwa Matching Centre. Unaingia na sari mkononi, muuzaji anakushushia vitambaa vya blauzi, petikoti na foli vya rangi ileile mpaka uridhike.

Foli ni ukanda wa pamba unaoshonwa ndani ya pindo la chini, pale marinda yanapokaa, ili sari ianguke vizuri na isichakae kwa kuburuzwa. Uloweke kwanza, ukauke, ndipo ushonwe. La sivyo ukanda utanywea siku ya kufua na pindo lote litajikunja. Kwenye hariri nzuri foli hushonwa kwa mkono, sindano ikichota nyuzi chache tu.

Sasa blauzi, na hapa usiwe bahili. Sari nyingi huuzwa na kipande cha blauzi mwishoni, kama sentimita 80. Mwambie fundi aloweke bitana kabla ya kukata, na aache sentimita mbili au tatu za ziada ndani ya mshono wa ubavuni, kwani sari unayoivaa leo utaivaa pia baada ya kuzaa. Ukienda kujaribu, usisimame tu mbele ya kioo. Inua mikono, inama, keti, jikumbatie. Kwapa likibana, irudishe palepale, usikubali kuambiwa italegea. Shonesha na mbili za kuzungushia: moja nyeusi, moja ya dhahabu iliyofifia. Hizo zitavaliwa na nusu ya sari utakazonunua maishani.

Nguo za kila siku ni panjabi na kurta, lile shati refu. Tafuta pamba zilizopigwa chapa za mbao kutoka Bagru na Sanganer, karibu na Jaipur, au ajrakh, kitambaa cha chapa cha Kutch, yenye buluu na wekundu mzito. Kwa kutokea jioni, kurta ya chikankari ya Lucknow, yaani tarizi ya uzi mweupe juu ya kitambaa chepesi, inatosha bila mkufu. Fua rangi za asili peke yake kwa maji baridi, kwa sababu zinachuja. Ongeza dupatta, yaani mtandio, moja ya bandhani kutoka Gujarat. Vile vidoa hufanywa kwa kufunga kitambaa kwa uzi, kimoja kimoja, kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo ya kweli ina vijikunjo vinavyoguswa kwa kidole. Iliyochapwa kwa mashine ni bapa.

Sari ya kwanza iwe ya pamba, au Chanderi ya Madhya Pradesh, ambayo ni hariri na pamba pamoja: nyepesi, na marinda yanatii. Jojeti inabembeleza mwili lakini inamtoroka asiyeizoea. Vaa viatu kabla ya kuanza kufunga, urefu upimwe kwa kisigino utakachotembelea. Marinda matano hadi saba, pini ndani yake, kisha pallu, ile ncha ya sari yenye mapambo, juu ya bega la kushoto. Wagujarati huileta mbele kupitia bega la kulia, na mwenye pallu nzuri ya kuonyesha naona afuate wao.

Ukishazoea, nunua hariri moja ya haja. Watu watakusukumia Banarasi ya Varanasi au Kanjivaram ya Tamil Nadu, na hawakosei. Kanjivaram ya kazi ya mkono mara nyingi inaonyesha mstari ambapo pindo limeungwa na mwili kwenye kitanda cha mfumi. Mimi moyo wangu uko kwa Paithani, hariri ya kwao Maharashtra, yenye tausi kwenye pallu. Igeuze: iliyofumwa kwa mkono sura ya nyuma inakaribiana na ya mbele, bila nyuzi zinazoning'inia. Patola, sari ya hariri ya Patan huko Gujarat, iache kwanza. Nyuzi zake hutiwa rangi za mchoro kabla ya kufumwa, za urefu na za upana pia, kazi ya miezi, na bei yake ni ya miezi. Ikat ya Pochampally, nayo ya nyuzi zilizotiwa rangi kabla ya kufumwa, itakufurahisha kwa pesa kidogo.

Kujua hariri, tafuta lebo ya Silk Mark, inayothibitisha kuwa ni hariri halisi, au omba uzi kutoka kwenye matamvua uuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika; poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Lehenga, ile sketi pana ya sherehe, iazime. Ni nguo ya usiku mmoja na inakula nusu ya kabati. Wanaume kazi yao fupi: kurta ya krimu, suruali yake na kizibao kimoja cheusi. Kwenye harusi ya Kihindu ya kaskazini mwachie bi harusi wekundu, na nyeupe tupu iweke kwa msiba.

Kwetu pwani adui ni unyevunyevu. Usiweke hariri kwenye mfuko wa nailoni wala usiitundike. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, na kila baada ya miezi michache ikunjue, ipate hewa kivulini, uikunje kwa mistari mingine, maana ikikaa mkunjo mmoja hukatika hapohapo. Dhidi ya wadudu, Wahindi hutia majani makavu ya mwarobaini ndani ya kijifuko, nasi miti tunayo uani. Marashi yapake mwilini, yakauke, ndipo uvae, kwa kuwa zari, zile nyuzi za fedha zilizofumwa ndani ya sari, ikirushiwa manukato huweza kuwa nyeusi, na kuirudisha si rahisi.