Jinsi ya kuomba kibali cha kujaribu shubiri dhidi ya kideri cha kuku nchini Kenya

Kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku (Newcastle), kikisikika kijiji cha jirani, wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji huponda majani ya mshubiri na kuyaloweka kwenye maji ya kunywa ya kuku. Bibi yangu alifanya hivyo miaka yote. Je, shubiri inazuia virusi, au kuku waliopona wangepona tu? Swali hilo linastahili jibu la maabara, na ili ulipate kihalali unahitaji vibali kadhaa, kila kimoja kwa zamu yake.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda kwa mwenye ujuzi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotambua kuwa maarifa hayo ni mali ya jamii. Keti na mzee aliyekuonyesha mmea, mweleze utafanya nini na majani na faida ikipatikana itagawanywa vipi, kisha akubali kwa maandishi. Tafadhali usimpe karatasi ya Kiingereza atie kidole gumba. Isomwe kwa lugha yake, mbele ya mtu anayemwamini. Mishubiri iko ya aina nyingi na inafanana, kwa hiyo peleka sampuli yenye maua Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi, itambuliwe kwa jina lake la kisayansi.

Kazi nzito iko kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako, ile inayosimamia matumizi ya wanyama. Ombi langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu niliandika tu "kuku watafuatiliwa siku 14". Niliulizwa: kuku akipinda shingo na kushindwa kunywa maji, nani atamwona, saa ngapi, na atamfanyia nini? Sikuwa na jibu, na kamati ilikuwa na haki. Kwa hiyo taja daktari wa mifugo aliyesajiliwa, saa za ukaguzi, na dalili ambayo ikionekana kuku huyo anaondolewa mateso mara moja. Eleza pia ulivyoifikia idadi ya kuku, na jengo watakamotengwa, maana virusi vikali vya kideri vikitoroka vitamaliza mabanda ya majirani.

Tena kamati itataka kuona kwamba hukukimbilia kuku. Anza na mayai yenye mbegu, ya siku 9 hadi 11 kwenye mashine ya kutotolesha. Kundi moja lipewe virusi peke yake, la pili virusi pamoja na dawa, yaani dondoo ya shubiri, la tatu dawa peke yake, la nne maji ya chumvi. Hilo la tatu wengi hulisahau, ilhali dawa kali inaweza kuua kiinitete chenyewe, ukaishia kudhani umeshinda virusi. Baadaye majimaji ya yai huchanganywa na chembe nyekundu za damu ya kuku. Virusi vikiwamo kwa wingi, chembe hutandaa kama pazia jepesi. Visipokuwamo, hushuka na kuwa kitone chekundu chini ya kishimo cha sahani ya maabara. Nikiona kile kitone kwenye kundi la pili, moyo hunidunda hadi leo.

Ukishapata barua ya kamati, fungua akaunti kwenye mfumo wa mtandaoni wa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa leseni za utafiti. Pandisha andiko la utafiti, kitambulisho, picha, barua ya taasisi na hiyo barua ya kamati, kisha lipa ada. Orodhesha kaunti zote utakakochuma majani, kwa kuwa leseni hutaja mahali na muda.

Leseni hiyo peke yake haikuruhusu kukusanya wala kusafirisha sampuli. Kibali cha kutumia rasilimali za kijenetiki za mimea huombwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nayo mishubiri ya porini inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo hata chupa moja ya dondoo kwenda nje ya nchi inahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kabla ya kuchuma jani la kwanza, ripoti kwenye ofisi za kaunti ukiwa na leseni mkononi.

Ukimaliza utafiti, una mwaka mmoja wa kuwasilisha ripoti NACOSTI. Mzee usimngojeshe mwaka. Kama shubiri haikuzuia kideri, mwambie mara tu unapojua, maana kuku wake bado hawajachanjwa.