Somo: Kumvua wolai Ziwa Mille Lacs, Minnesota

Wakuu mlioko Minnesota, wolai (walleye) ndiye samaki rasmi wa jimbo hili tangu 1965, na Mille Lacs ni ziwa lake hasa: pana mno, lakini kina hakizidi mita 13 hivi. Anayerudi mikono mitupu mara nyingi amekosea saa tu.

Hatua ya 1: Leseni. Ukishatimiza miaka 16 ni lazima. Soma pia kanuni za ziwa hili za mwaka husika, maana urefu na idadi ya samaki wa kuchukua hubadilika. Waojibwe, wenyeji asilia wa eneo hili, wana haki ya kuvua hapa kwa mkataba wao na Marekani wa 1837, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha 1999. Tuiheshimu.

Hatua ya 2: Saa. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga. Mmulike tochi usiku uone linavyowaka. Giza likiingia yeye anaona vizuri kuliko samaki wadogo, basi huwafuata hadi kwenye kina kifupi. Jua kali hulikimbia. Tangu kome wageni wenye milia waonekane humu 2005 maji yametakata, na mchana umezidi kuwa mgumu. Juni jua huzama kama saa tatu usiku. Fika saa moja kabla. Ukilazimika kwenda mchana, ngoja upepo: viwimbi huvunja mwanga, nawe tupa ndoano upande wa ziwa unaopigwa na upepo.

Hatua ya 3: Chambo. Ruba hai hana mpinzani kiangazi. Mchome mara moja tu, kwenye kinyonyeo kikubwa, aendelee kuogelea. Ndoano ndogo, chubwi dogo, boya la kuteleza kwenye mshipi. Pima kina ili ruba aning'inie futi moja juu ya mawe.

Hatua ya 4: Boya likizama, usikurupuke. Kaza mshipi hadi usikie uzito, ndipo uinue fimbo. Angalia vidole: ana meno, na kifuniko cha matamvua kinakata.

MASWALI

Sina boti, nifanyeje?
Dada, kuna boti kubwa zinazopakia wavuvi kwa nauli. Au njoo Mei msimu ukifunguliwa, jioni, utupe kutoka ufukweni.

Mkuu, huyu ni ndugu wa sangara?
Hapana, ukoo mwingine, ingawa sangara naye macho humetameta gizani. Wolai hana mafuta mengi. Mkaange haraka, ndimu na chumvi zinatosha.

Chambo kilichobaki nimwage ziwani?
Kamwe, kaka. Tupa kwenye pipa la taka. Na kabla ya kuondoka chomoa kizibo cha boti, maji yote yatoke. Ni sheria ya jimbo.