Injini Inapiga Mlio Mkali? Itafute Puli Inayolia Kabla ya Kununua Mkanda

Gari nyingi zinazoletwa gereji hapa Nakuru kwa sababu ya mlio mkali chini ya boneti huja na hukumu tayari: "Fundi, niwekee fenibelti mpya." Wengine hufika na mkanda wenyewe mkononi. Ni kweli kwamba mara nyingi sauti hutoka kwenye mkanda. Lakini mkanda ukipita juu ya puli (gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda) iliyokaa upande, au puli ambayo beringi yake inataka kushika, yaani kukwama, utalia hata kama umetoka dukani leo asubuhi. Kwa hiyo pesa ya mkanda iache mfukoni kwanza.

Tafuta tochi, chupa ya kupulizia yenye maji safi, bisibisi ndefu na spana za kulegeza mkanda. Ukipata mita ya kupima umeme ya kuazima, vizuri zaidi. Vuta hendibreki, weka gia kwenye nyutro au P. Vua tai, leso, na ile kamba ya kitambulisho cha kazi inayoning'inia shingoni. Nywele ndefu zifungwe nyuma. Feni ya radieta kwenye magari mengi ni ya umeme na inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo mkono usikae pale bila sababu.

Hatua ya 1: Jua inalia lini

Watu huinamisha kichwa na kuanza kutafuta inalia wapi. Sauti ndani ya boneti hudanganya. Hugonga chuma hiki, ikaruka kile, ukaapa ni pampu ya maji kumbe ni altaneta, ile inayochaji betri. Wakati wa kulia ndio haudanganyi. Kaa na gari siku mbili tatu, uandike hata kwenye simu.

Kwanza hakikisha mlio upo gari likiwa limesimama. Ukisikika gari likitembea tu, na ukabadilika ukigusa breki, hiyo si injini. Brekipedi nyingi zina kibati kidogo kinachosugua diski pedi ikikaribia kwisha, na kimewekwa pale ili kikupigie kelele. Funga boneti, fungua gurudumu.

Ukilia asubuhi kwa sekunde chache baada ya kuwasha, kisha ukanyamaza, fikiria mkanda uliolegea au uliozeeka. Stata imetoa umeme mwingi kwenye betri, na altaneta inahangaika kuurudisha, kwa hiyo puli yake inakuwa nzito kuzungusha. Ongeza umande na baridi. Mji huu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai raba huwa ngumu. Gari hilohilo likishuka Kisumu, kwenye joto la ziwa, linaweza kukaa wiki nzima bila kulia, mwenyewe akadhani limepona.

Washa taa kubwa, kiyoyozi na feni ya ndani kwa pamoja. Mlio ukianza au ukizidi, mkanda unateleza chini ya mzigo. Hapa ndipo mita inasaidia: injini ikizunguka, betri nyingi za volti 12 husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma 12.4 na inazidi kushuka huku mkanda unalia, altaneta haizungushwi ipasavyo au ina tatizo lake. Ukilia tu kiyoyozi kinapowashwa, elekeza macho kwenye kompresa na puli yake. Ukilia unapokata usukani mpaka mwisho, ni upande wa pampu ya usukani, ikiwa gari lako linatumia usukani wa mafuta. Usukani wa umeme hauna pampu hiyo. Na ukianza au kuisha unapokanyaga klachi, hiyo ni kazi nyingine, beringi ya klachi, na hakuna mkanda utakaoiponya.

Sikiliza pia aina ya sauti. Mkanda unaoteleza hupiga ukelele mrefu. Puli iliyokaa upande hutoa chwi-chwi-chwi ya kukatika-katika, kama vifaranga, na hukimbia kadiri unavyokanyaga mafuta. Beringi iliyokauka huvuma au hukwaruza, nayo hupanda na kushuka na mzunguko wa injini bila kujali taa wala kiyoyozi.

Hatua ya 2: Upulizie mkanda maji kidogo

Injini ikinguruma na mlio upo, simama pembeni na upulizie maji machache upande wa mkanda wenye mifereji. Machache tu, hatuoshi gari.

Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea au tenshena, kifaa kinachoukaza mkanda, imechoka. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, shuku puli ambayo haiko kwenye mstari mmoja na wenzake. Usipobadilika hata kidogo, inaelekea ni beringi. Jaribio hili halihitaji fedha, na kwa maoni yangu linamshinda fundi anayetegemea sikio peke yake.

Sasa, kuhusu kupaka mkanda sabuni ya mche, mshumaa, au dawa ya kupuliza ya kopo. Mlio utanyamaza. Utanyamaza kiasi cha kufika Gilgil. Vitu vya mafuta hulainisha raba na kuzidisha kuteleza, na kibaya zaidi vinaficha dalili, fundi wa baadaye akakuta mkanda mchafu asiyeweza kuusoma. Usipake.

Hatua ya 3: Zima injini, usome mkanda

Acha injini ipoe. Mulika tochi. Mikanda ya zamani ilikuwa ikipasuka-pasuka, na watu bado wanatafuta nyufa. Mingi ya siku hizi imetengenezwa kwa raba ya EPDM, ambayo huisha bila kupasuka: mifereji inapanuka taratibu, vilele vinaliwa, mpaka puli inagusa chini ya mfereji badala ya kushikwa ubavuni. Kwa hiyo mkanda usio na ufa hata mmoja unaweza kuwa umekwisha. Ulinganishe na mpya dukani, utaona. Upande unaong'aa kama kioo umeungua kwa kuteleza. Ukingo uliochanika nyuzi unaonyesha puli iliyokaa upande.

Kisha pitisha kidole, gari likiwa limezimwa, uone kama kuna unyevu. Hapa ndipo wengi hukwama. Kulikuwa na Probox ya kubeba maziwa kutoka upande wa Molo, imebadilishiwa mkanda mara mbili kwingine na bado inalia. Mwenyewe akasema, "Fundi, hii mikanda ya siku hizi ni feki." Huenda, feki zipo. Lakini chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo ambacho hutoa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, sili ya ndani inapoanza kufa, na pale palikuwa na doa kavu la rangi ya waridi. Tone lilikuwa likirushwa kwenye mkanda kila injini inapopata moto. Pampu ilipobadilishwa, na mkanda mwingine safi ukawekwa, mlio uliisha. Kila unapokuta mkanda umelowa oili au kulanti, tafuta chanzo kwanza. Mkanda uje baadaye.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Wakati wa kiangazi, barabara za ndani za Njoro na Rongai huacha unga kwenye mifereji, na mlio wa chwi-chwi huja baada ya safari. Lakini usikimbilie kuosha injini kwa mashine ya maji ya presha. Maji yale huingia kwenye beringi za altaneta na za puli, yakatoa grisi, na baada ya muda mfupi unakuwa na mlio wa kweli ambao hukuwa nao.

Hatua ya 4: Toa mkanda

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi. Piga picha kwanza jinsi mkanda unavyopita. Ukiisahau njia yake utapoteza alasiri nzima. Legeza tenshena au boliti ya altaneta, utoe mkanda. Washa injini kwa nusu dakika tu, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya maji haizunguki bila mkanda huo, na injini itapata moto haraka. Taa ya betri itawaka, hilo ni la kawaida.

Mlio ukipotea, mhalifu yuko kwenye njia ya mkanda. Zima, kisha zungusha kila puli kwa mkono: altaneta, pampu ya maji, tenshena, puli ya kuongoza, kompresa. Puli nzima huzunguka laini na kimya. Inayokwaruza, inayotikisika ukiivuta huku na huku, au inayozunguka bure kwa muda mrefu kama gurudumu la baiskeli, ina beringi iliyokwisha grisi. Ukitaka kuthibitisha, rudisha mkanda, washa, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa altaneta au pampu, mbali na kitu kinachozunguka, na mpini karibu na sikio. Beringi mbovu utaisikia ikiunguruma hapo.

Mlio ukibaki hata bila mkanda, tuko mahali pengine. Jaribu kufungua kifuniko cha oili au kuvuta kidogo kijiti cha kupimia oili injini ikizunguka. Mlio ukikatika ghafla, inaelekea ni vali ya kupumulia injini: utando wake umechanika na hewa inafyonzwa kwa mluzi. Magari kadhaa ya Ujerumani yanajulikana kwa hilo, na wenyewe hutumia fedha nyingi kubadilisha puli zisizo na kosa.

Usipokatika, na sauti inatoka chini ya kifuniko cha mkanda au cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali ndani ya injini, acha kuendesha. Kwenye Subaru nyingi za injini ya EJ, zile puli ndogo za mkanda wa taimingi hulia kabla ya kushika. Zikishika mkanda hukatika, na vali zikigongana na pistoni, bei ya kuvuta gari mpaka gereji itaonekana ndogo sana.

Hatua ya 5: Kununua na kufunga

Nenda dukani na mkanda wa zamani au nambari yake. Ukiona 6PK1230, ina maana mifereji 6 na urefu wa milimita 1,230. Mkanda wa 5PK hautafaa puli ya 6PK hata muuzaji akiapa. Kwenye gari lenye tenshena ya springi, springi hujikazia yenyewe. Ikiwa mkono wa tenshena unarukaruka injini ikizunguka, badilisha tenshena pamoja na mkanda. Kwenye zile za kukaza kwa boliti ya altaneta, sukuma mkanda kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu kati ya puli mbili: ukiingia kama sentimita 1 inatosha, ila kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu. Vijana wa gereji hupenda kukaza mpaka unalia kama gitaa. Mkanda huo hautateleza, lakini utazila beringi za altaneta na pampu ya maji.

Funga vizuri, angalia kwamba kila mfereji umekaa kwenye puli yake, washa, washa taa zote na kiyoyozi. Baada ya wiki moja hivi fungua boneti tena uupime kwa kidole, kwa sababu mkanda mpya wa kukazwa kwa boliti hulegea kidogo ukishazoea puli.