Kubuni peptidi yenye mkia wa mafuta kwa jeli ya kukuzia seli

Peptidi zenye mkia wa mafuta, yaani minyororo mifupi ya asidi amino iliyoungwa na mafuta, zina tabia ya sabuni: upande mmoja hukimbia maji, mwingine huyapenda. Mwaka 2001 maabara ya Samuel Stupp, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilionyesha kwamba zikiwa majini hujipanga zenyewe kuwa nyuzi zenye kipenyo cha nanomita chache tu.

Anza na C16-VVVAAAEEE (kila herufi baada ya C16 ni asidi amino moja), yenye ncha ya amidi, isiyo na chaji. C16 ni asidi ya palmitiki, ndiyo ule mkia wa mafuta. Valini (V) na alanini (A) hushikana kwa bondi za haidrojeni kufuata urefu wa uzi. Ukiongeza V jeli inakuwa ngumu, ukipunguza inalegea. Asidi tatu za glutamiki (E) huleta chaji hasi, ndiyo inayoyeyusha molekuli.

Molekuli ya pili ibebe ishara ya kushikisha seli, RGDS: C16-VVVAAAEEEEGRGDS. Glisini (G) inaisogeza ishara mbali na mwili wa uzi. Ikibanwa mle ndani, seli haziioni. Changanya asilimia 10 ya moli za hii na 90 za ile ya kwanza, kisha jaribu 5 na 20. Kujaza ishara uzi mzima ni kosa la kawaida: zinasongamana na kuzuiana. Tengeneza pia ya kulinganishia yenye RGES (D imebadilishwa kwa E), ambayo seli haziishiki vizuri. Bila hiyo, matokeo hayasemi lolote.

Usanisi kwenye resini (chembe zinazoshikilia mnyororo unapojengwa) ni ule wa kawaida wa Fmoc, kinga ya muda inayoondolewa kabla ya kuunga kila asidi amino inayofuata, mkia ukiungwa mwisho. Palmitiki haiyeyuki vizuri kwenye DMF (kiyeyushi cha kawaida cha kazi hii) peke yake, kwa hiyo ongeza diklorometani. Kata peptidi kutoka kwenye resini kwa TFA (asidi ya trifloroasetiki), triisopropilisilani na maji (95:2.5:2.5) kwa saa 2 hadi 3, kisha tenganisha kwa etha baridi. Kusafisha ndiko kunakowasumbua wengi: peptidi yenye E nyingi huganda kwenye asidi na kuziba safu ya HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali). Tumia maji na asetonitrili zenye amonia asilimia 0.1, na safu inayovumilia besi, maana silika ya kawaida italiwa.

Kutengeneza jeli, weka miligramu 10 za C16-VVVAAAEEE kwenye mililita 1 ya NaCl milimolari 150. Uzito wa molekuli ni takriban 1153, hivyo hiyo ni milimolari 8.7, na chaji zake tatu zinadai takriban mikrolita 26 za NaOH ya molari 1. Zitie kidogo kidogo ukipima pH hadi 7.4, kwani unga huwa umebeba maji na chumvi. Pasha nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 30, iache ipoe polepole, ndipo uongeze kloridi ya kalisi hadi milimolari 20 au 25. Usitumie bafa ya fosfati hapa: kalisi itaganda nayo na utapata uji mweupe badala ya jeli angavu.

Kwenye dikroizimu ya mviringo (kipimo cha mwanga kinachoonyesha mpangilio wa minyororo), bonde karibu na nanomita 218 ni dalili ya bapa-beta, yaani minyororo iliyolala kando kwa kando na kushikana. Bonde likiwa karibu na 198, minyororo haijajipanga: ongeza V moja au angalia pH.

Seli zikifa, shuku kwanza mabaki ya TFA, kisha endotoksini (sumu ya bakteria). Kama ulibadilisha E kwa lisini (K), shuku chaji chanya yenyewe, maana huchana utando wa seli.