Jinsi ninavyoongoza mjadala wa pesa za wazee na nyumba za serikali

Mara ya kwanza kusimamia mjadala huu, kama serikali itangulize pesa za wazee au nyumba, ulidumu dakika kumi na moja. Msemaji wa kwanza alisimama akasema "mtegemea cha nduguye hufa maskini", ukumbi ukapiga makofi. Wa pili akajibu kwamba asiyewatunza wazee hapati radhi, makofi tena. Baada ya hapo ikawa kutupiana methali mpaka mwenye ufunguo akaja kufunga. Hakuna aliyetaja shilingi hata moja.

Nimefundisha Historia na Serikali miaka thelathini na moja. Sasa nimestaafu, naishi Likoni, Mombasa, na vijana wa mtaani hunijia Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Tangu siku ile nina sheria: nusu saa ya kwanza, methali marufuku. Mwenye yake aiweke mfukoni, tutaisikia mwisho akiwa bado anaihitaji. Wengi huwa hawaihitaji tena.

Kabla ya kuanza, chukua bahasha nne uziweke mezani, bahasha za kweli. Juu ya ya kwanza andika PENSHENI YA SERIKALI. Hii ni ya waliokuwa walimu, polisi, makarani. Mpango mpya ulianza Januari 2021, na mtumishi aliye ndani yake sasa hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali huongeza 15. Ya pili ni NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: jasho la mfanyakazi na mchango wa mwajiri wake, si sadaka ya mtu. Ya tatu ni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwatumia wasiojiweza pesa: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70 na hana pensheni ya serikali, na hii inatoka kwenye kodi zetu moja kwa moja. Ya nne ni ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, na ina mfuko wake kisheria. Kijana akisimama kusema "wazee wanatafuna pesa za serikali", mpe bahasha zote nne akuoneshe ni ipi. Akisema "zile za nyumba wapewe wazee", muulize atabadilisha sheria gani kwanza.

Hapo pia ndipo unapotakiwa kujitaja. Mimi nala bahasha ya kwanza. Jirani yangu tuliyezaliwa mwaka mmoja ameuza mahamri maisha yake yote, akasomesha watoto watano kwa mahamri hayo, na anaingoja bahasha ya tatu. Anaitwa mzee, naitwa mzee, lakini hatumo kwenye hesabu moja. Ukiacha neno "wazee" lipite hivihivi, mjadala umeshakufa.

Kisha ubao. Usikubali "pesa nyingi" wala "pesa kidogo". Mwambie aliyesema aje aandike. Elfu mbili gawanya kwa siku thelathini ni shilingi 66 na senti. Mtume mtoto mmoja dukani alete bei ya leo ya unga, mafuta na mkaa, aziandike kando ya hiyo 66. Upande wa kuunga mkono wazee hufurahi sana hapo. Basi wape na wao zoezi lao. Katiba inamhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60, sasa kwa nini Inua Jamii ingoje 70? Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi. Zidisha kwa 2,000, zidisha kwa 12: karibu shilingi bilioni 65 kwa mwaka. Anayetaka umri ushuke aseme bilioni hizo zitatoka wapi. Kimya kinachofuata usikikatize, hesabu hadi ishirini moyoni.

Hatua ya tatu, leta shahidi, na umuulize mambo madogo. Mwezi mmoja tulimleta mama wa mmoja wa vijana wangu, ana miaka 78, ameshona makuti tangu usichana. Pesa zilikuwa zimeingia za miezi miwili pamoja, 4,000. Kufika kwenye malipo, mashine ikakataa kidole gumba, ikakataa cha shahada. Akaambiwa afute mikono, apake mafuta, ajaribu tena, halafu arudi Jumatatu. Alitunyoshea vidole tukaviona: laini kama kijiko, mistari yote imeliwa na makuti. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini tuktuk ya kumfikisha ferini na matatu ya ng'ambo si bure. Alienda mara tatu, 160 kila safari, na binti yake akapoteza siku tatu za kibarua. Kijana aliyejiandaa kusema kwamba pesa hizi zinawafanya watu kuwa wavivu alikunja karatasi yake. Sikumkemea, nilimwambia aikunjue. Hoja yake ilikuwa na haki ya kusikika, ila sasa ilibidi aiseme akimtazama yule mama.

Kwenye sheria usikae sana. Soma Kifungu cha 43 cha Katiba kwa sauti: haki ya makao, haki ya hifadhi ya jamii, na wajibu wa Serikali kwa asiyeweza kujikimu. Halafu songa mbele, kwa sababu haki haijibu swali la nani atangulie, na hilo ndilo wanalogombania.

Nyumba ndizo zitakazokupa taabu. Watu wa Mombasa tukisikia nyumba za serikali tunakumbuka zile za kanseli, yaani baraza la mji, Tudor, Changamwe, ulizopanga kwa kodi ndogo ukazeekea humo. Hizi mpya nyingi unalipia polepole mpaka ziwe zako. Hivi ni vitu viwili, na watu watabishana saa nzima bila kujua hawazungumzii kitu kimoja. Lazimisha kila msemaji aanze na: "Nyumba ya kupanga" au "Nyumba ya kununua".

Kisha andika mtu mmoja ubaoni. Mlinzi wa mshahara wa 18,000. Kila mwezi anakatwa 270. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamweka kwenye nyumba za jamii, kwa kuwa kipato chake hakifiki 20,000. Swali ni je, baada ya kodi ya chumba anachoishi sasa, nauli na karo, anabaki na nini cha kulipia nyumba hiyo? Na muuza samaki asiye na karatasi ya mshahara atathibitisha kipato chake vipi? Vijana wakikumbuka kwamba Mahakama Kuu ilitupa ushuru wa kwanza Novemba 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba uliwabana wenye ajira rasmi peke yao, waulize kama sheria mpya, inayogusa kila kipato, imeleta haki au imeongeza tu idadi ya wanaobanwa. Mimi nina jibu langu, sitoi.

Lazima atatokea mmoja na mfano wa Zanzibar. Mwache, ana hoja. Kule tangu 2016 kila Mzanzibari aliyefika 70 hulipwa pensheni bila kuulizwa ana mali gani; walianza na shilingi 20,000 za Tanzania. Nani apoteze muda kupima umaskini wa mtu wa miaka 78? Lakini mkumbushe kwamba Zanzibar yote ina watu wachache kuliko jiji la Nairobi, kwa hiyo arudi ubaoni azidishe upya.

Zikibaki dakika ishirini, wabadilishe pande. Aliyeunga apinge, kwa mifano ya mwenzake. Watanung'unika, usiwasikilize.

Jumamosi iliyopita tulipiga kura kwa mikono: serikali ikiwa na bilioni moja ya ziada Mombasa, iende kwa wazee au kwenye nyumba? Kumi na nne, kumi na nne. Wakanigeukia niamue. Nilichukua bahasha ya kwanza pale mezani, nikaitia mkobani, nikawaambia mwenye hii hapigi kura.