Kabla ya Kuandika kwa Jina la Kubuni

Mtu anayetaka kuuliza kuhusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ndoa inayomtesa, au wizi anaouona kazini, ana haki ya kuuliza mtandaoni bila mtaa mzima kujua kuwa ni yeye. Jina la kubuni ndilo linalompa nafasi hiyo, nami nalitetea kwa moyo wote. Lakini jina peke yake halimfichi mtu. Wengi hujulikana kwa namba ya simu, kwa picha, au kwa maneno yao wenyewe, vitu ambavyo jirani yeyote mwenye simu anaweza kuvifuatilia. Ndiyo maana kazi kubwa ifanyike kabla hujaandika neno la kwanza.

Anza kwa kujiuliza unamficha nani. Kama ni mume au shemeji unayeishi naye nyumba moja, hatari yako iko kwenye simu yenyewe: ujumbe unaoingia ukajionyesha juu ya skrini iliyofungwa, au simu inayoazimwa na kila mtu sebuleni. Zima arifa za programu unayoandikia, weka nywila ambayo watoto hawaijui, na utoke kwenye akaunti kila unapomaliza. Kama ni mwajiri, usiingie kwa kompyuta ya ofisi wala kwa Wi-Fi ya ofisi, hata wakati wa chakula cha mchana.

Kama unayemwogopa ni mwenye mamlaka, hapo jina la kubuni ni kinga ndogo, na ni bora uambiwe mapema. Tanzania laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, yaani cha NIDA. Laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi uwezo wa kudai taarifa kwa anayeendesha mtandao. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la majadiliano mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa shtaka la kuzuia uchunguzi wa polisi, kwa kuwa alikataa kutoa taarifa za wanachama walioandika kwa majina ya kubuni. Alisimama imara, na namheshimu kwa hilo. Si kila msimamizi atakayesimama hivyo, kwa hiyo jua ni nani anashika taarifa zako na anazidai zipi: kadiri anavyokuwa nazo chache, ndivyo atakavyokuwa na machache ya kutoa.

Sasa namba ya simu, ambayo kwetu ndiyo mlango ulio wazi kuliko yote. Unajiunga na kundi la WhatsApp kwa jina la "Ua la Asubuhi", picha ya wasifu ni waridi, unajiona umejificha. Namba yako wanachama wenzako wanaiona. Mmoja wao akiiingiza kwenye M-Pesa kana kwamba anakutumia shilingi elfu moja, jina ulilosajilia laini linamtokea kabla hajathibitisha. Anaghairi, hajapoteza hata senti, na ameshakujua. Akiitafuta kwenye Truecaller, programu ya kumtambua mwenye namba, anaweza kukuta jina lako kama watu wengine walivyolihifadhi kwenye simu zao, pengine pamoja na kazi yako. Kwa sababu hiyo, jambo lolote zito lisipelekwe kwenye kundi linaloonyesha namba. Telegram inaruhusu kuificha: kwenye mipangilio ya faragha chagua kwamba namba yako isionekane na mtu yeyote, na anayeweza kukutafuta kwa namba awe yule tu uliyemhifadhi. Fanya hivyo kabla ya kuingia kundini, kisha kataa programu inapoomba kusoma orodha ya majina kwenye simu yako, maana kwa orodha hiyo unaweza kuunganishwa na watu wako wa kila siku.

Kuhusu jina lenyewe, washairi wetu wa magazetini walikuwa na lakabu tangu zamani, na chini ya shairi waliweka sanduku la posta na mji, hivyo anayetaka kuwajua aliwajua. Wewe hutaki sanduku hilo. Jina lisiwe na mwaka wako wa kuzaliwa, ukoo, timu ya mtaani kwenu wala jina la utani la shuleni. Lisiwe pia lile unalotumia Instagram au mahali ulipowahi kuuza sofa na kuandika namba. Mtu akilitafuta neno hilo mtandaoni, akaunti zote mbili zitakuja pamoja. Wala usichukue jina na sura ya mtu aliye hai. Kujibunia jina ni jambo moja, kujifanya mtu fulani ni jingine, na sheria za mtandao za Tanzania na za Kenya zinalitaja hili la pili kuwa kosa.

Fungua baruapepe mpya kwa ajili ya jina hilo na nywila isiyofanana na nyingine yoyote. Ukitumiwa waraka wa Google, usiufungue ukiwa ndani ya akaunti yako ya kawaida, maana jina lako linaweza kuonekana kwa wengine walioufungua.

Picha nazo zina mengi. Kamera ya simu inaweza kuandika ndani ya faili mahali na saa ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kama picha, lakini ukiituma kama waraka zinabaki. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera. Halafu tazama kilichoko nyuma: sare ya mtoto, kalenda yenye jina la duka, mnara unaoonekana dirishani. Ukipiga picha cheti cha hospitali ili watu wakusaidie kusoma majibu, usifunike jina kwa rangi ya kuchora juu, kwa kuwa rangi nyingine huacha herufi zikionekana mwanga ukiongezwa. Kata sehemu hiyo kabisa, au andika majibu kwa maneno.

Hatari inayosahaulika zaidi ni habari unazozitoa kidogo kidogo. Mwezi huu unasema wewe ni mwalimu wa hisabati. Mwezi ujao unataja baridi ya Njombe. Baadaye unawapongeza watoto wako pacha kwa kumaliza darasa la saba, na siku nyingine unalalamikia uhamisho wa mwaka jana. Kila sentensi peke yake ni ya watu wengi, lakini zikiunganishwa zote zinabaki za mtu mmoja, na mwenzako wa shule iliyo jirani atazisoma zote kwa jioni moja. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta ya eneo lao. Kwa hiyo hata pongezi za siku ya kuzaliwa usizipokee kwa jina hilo.

Amua mapema utakachosema na utakachokiacha. "Mkoa wa baridi" inatosha badala ya Njombe. "Watoto wangu" badala ya pacha. Lakini unapoomba ushauri wa afya, umri, ujauzito, dawa unazomeza na kipimo chake usivibadilishe hata kidogo, maana jibu litakalokuja litakuwa la mgonjwa asiyekuwapo. Ficha mahali na kazi, usifiche mwili. Hata namna ya kuandika inatambulisha: aliyezoea kusoma jumbe zako ataijua salamu yako ya "wapendwa", vifupisho vyako, na lafudhi ya Mombasa au ya Unguja iliyopenya kwenye maandishi.

Na katika hadithi yako wamo wengine. Dada yako hakuchagua jina la kubuni. Ukimtaja kwa ugonjwa wake na mji anaoishi, umemweka hadharani yeye. Mwondoe, au mwombe ruhusa kwanza.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, zote zikikupa njia ya kudai taarifa zako zifutwe. Zitumie inapobidi, ila picha ya skrini iliyokwisha kupigwa na mwanachama haifutiki kwa barua. Jaribu pia, ukiwa na akaunti tupu, kama unajua kuifuta.

Mwisho, mpe jina hilo rafiki mmoja unayemwamini na anayeijua simu vizuri. Asiambiwe zaidi ya jina na kundi unalotaka kujiunga nalo. Mwache atafute jioni nzima: jina, picha, namba, baruapepe. Akirudi na ukoo wako, muulize alipita wapi, uzibe hapo, kisha umpe tena. Kama njia yake ilikuwa namba ya simu na kundi halina namna ya kuificha, acha kundi hilo, tafuta lingine.